Forester SG5 imegonga beringi, injini ya Legacy GT itaingia?

Njoro_SG5:
Habari zenu wakubwa. Nko na Subaru Forester SG5, ile ya turbo lita mbili, injini ni EJ205, giaboksi otomatiki. Wiki mbili zimepita nikitoka Eldoret, pale kupanda Timboroa nikaskia kitu inagonga chini kama mtu anapiga sufuria na kijiko, nikaegesha lakini ilikuwa imeenda, ikavutwa mpaka Nakuru. Fundi amefungua sampu, ile bakuli ya oili chini ya injini, beringi ya konrodi moja imekwisha kabisa na oili inang'aa. Sasa EJ205 safi tumetafuta tumechoka, kuna muuzaji ako na EJ20X imetoka kwa Legacy GT ya BP5, anasema zote ni Subaru zote ni 2.0 turbo, inaingia boliti kwa boliti, nihamishe tu turbo yangu na waya zangu nipige stata. Fundi naye anataka kuchukua injini ya zamani kama sehemu ya malipo yake. Ni kweli ni rahisi hivo? Hii gari ndio inapeleka maziwa asubuhi na watoto shule, siwezi kaa nayo juu ya mawe mwezi mzima.

fundi_kibuye:
Pole sana omera. Nimefanya hii kazi mara mbili hapa Kisumu, nakwambia ile nimeshika na mkono. Kwa giaboksi na mauntini inakaa sawa, bloku ni ukoo mmoja, silinda zote ni upana milimita 92 na pistoni inatembea milimita 75. Shida inaanza juu ya bloku.

EJ20X ina AVCS, ile ya kubadilisha taiming ya valvu injini ikitembea, kwa kamu za kuingiza hewa na pia za eksosi, na kompyuta yako haijui hizo za eksosi ni nini. Ziache bila plagi, kamu itabaki pahali pake pa mwanzo na injini itatembea tu vizuri. Alafu ile giya ya krenki inasomwa na sensa, hesabu meno yake uweke kando ya ile yako, na za kamu pia uangalie. Zisipolingana hamisha zako, ju kompyuta ikisoma meno yenye haijui utapiga stata mpaka betri iishe na cheche haitoki. Manifoldi ya juu na injekta na waya weka zako zote. Angalia pia throttle, kama yako ni ya kebo na hiyo ni ya umeme, yako ndio inarudi.

Eksosi ndio inachosha zaidi. Turbo ya Legacy inapelekewa moshi na njia mbili zimetenganishwa, turbo yako ya TD04 inataka njia moja, kwa hivo hedasi (zile bomba za moshi kutoka kwa injini) na turbo zinaenda pamoja, usichanganye. Hedasi zako zikigusa sampu ya EJ20X, hamisha sampu yako na ile bomba ya kunyonya oili, zote mbili, na hiyo bomba uiangalie kwa mwangaza kama ina ufa kabla hujafunga.

Na kwa otomatiki, toki konvata, ile ya kuunganisha injini na giaboksi, isukume ukiizungusha mpaka uiskie ikidondoka ndani kabisa. Ikikaa nje hata kidogo na ukaze boliti za giaboksi, umevunja pampu ya giaboksi siku hiyo hiyo.

Sasa ujue injini yako ya zamani ndio stoo yako ya vipuri. Usiipeane mpaka hiyo ingine imetembea hata wiki mbili.

Bungoma_XT:
Fundi amesema poa lakini hapo kwa turbo nasimama kidogo. Ndugu yangu Njoro, hiyo turbo yako imekunywa ile oili inang'aa. Mimi niliua injini ya pili hivo, niliweka injini safi nikarudisha turbo na oili kula (ile ya kupoza oili) ya ile imekufa, tukaosha na petroli tukaona iko sawa, haikufika Kakamega mara tatu ikaanza kugonga tena. Vyuma vilikuwa vimebaki ndani ya oili kula, huwezi kuviona, na injini mpya ikavinywa. Nililia kwa kweli. Oili kula tumia ya EJ20X, turbo tafuta TD04 ingine, bomba ya oili ya turbo nunua mpya. Intakula, ile ya kupoza hewa ya turbo, imwage uioshe.

Pia EJ20X inabana hewa kwa 9.5 kwa 1, ilitengenezewa petroli ya Japani ya karibu oktani 100, yetu haifiki hapo. Usivute sana na kompyuta ya Forester kabla ipimwe na mtu wa kutuni, ikianza kulipuka mapema pistoni inapasuka pale kwa ringi.

Dada_Milimani:
Usisahau logibuku. Nambari ya injini itabadilika, itabidi upeleke NTSA, wale wa usajili wa magari, kwa ukaguzi ibadilishwe. Dai stakabadhi na karatasi za forodha kabla ya kulipa, na usome mwenyewe nambari imepigwa juu ya bloku karibu na giaboksi, ikiwa EJ20X itaanza hivo hivo. Shemeji yangu alinunua bila karatasi, kuuza gari ikawa vita.

Njoro_SG5:
Asanteni sana, hiyo ya oili kula sikuwa najua na ilikuwa imeshafunguliwa iko kwa beseni inangoja kurudi. Jumamosi naenda kwa muuzaji na fundi, tufungue sampu ya hiyo EJ20X mbele yake. Nibadilishe taiming belti kabla haijaingia ama ingoje?

fundi_kibuye:
Kabla. Ikiwa kwa stendi ni kazi ya saa moja, na hizi ikikatika valvu zinakutana na pistoni. Weka belti, tenshena, rola zote na pampu ya maji, usibakishe rola hata moja ya zamani. Na Jumamosi beba sumaku ndogo, ipitishe chini ya sampu, ikishika kitu mwachie injini yake. Vipande vya beringi sumaku haishiki, hizo tafuta na macho, zinakuwa na rangi ya shaba.

Njoro_SG5:
Sawa mkubwa. Nimemwambia fundi injini yangu inabaki kwangu, hajafurahi lakini tumeelewana nimuongezee pesa kidogo ya kazi.