Mjadala: Aliyepokea mshahara siku za salama, ana haki ya kukaa nyumbani siku za maradhi?

Mkaazi wa Langoni

Assalaam alaykum. Jana barazani tulibishana mpaka isha bila ya kuafikiana, nami naliweka jambo lenyewe hapa ili na walio mbali waseme. Kijana mmoja alidai kwamba ukija ugonjwa mwingine kama ile korona ya mwaka 2020, basi muuguzi, daktari, fundi wa umeme na nahodha wa mashua ya abiria wawe na hiari ya kubaki majumbani mwao kama raia wengine. Nilimpinga, na bado nampinga. Mgonjwa hana hiari ya kuugua, kwa hiyo aliyekubali kazi ya kumtazama hana hiari ya kumkimbia. Tusisahau kwamba madaktari wetu wa Kenya waligoma katikati ya janga lenyewe, Desemba 2020, na miaka michache kabla ya hapo walikuwa wamegoma kwa miezi minne au mitano. Nadhani hata sheria inakataza, kifungu cha themanini na kitu. Aliyekula mshahara siku za salama asitafute mlango wa uani siku ya maradhi. Nasubiri maoni yenu.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Waalaykum salaam, mzee wetu. Nimekusoma kwa heshima, ila huo mlango wa uani umenichoma, kwa sababu mimi nilikuwa nikiingia na kutoka kwa mlango wa mbele, saa ambazo nyinyi wengine mlikuwa mmejifungia. Kafyu ilipoanza Machi 27, 2020, kuanzia saa moja ya usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, nilitembea na barua ya kazi mkononi huku nikimulikwa tochi usoni. Wodini glavu ziligawiwa kwa hesabu, na barakoa ya kuvaliwa zamu moja tuliivaa mpaka kamba zikakatika. Mwenye nyumba niliyopanga aliniomba nihame, kwa upole kabisa, akisema ana mama mzee.

Kuhusu sheria, ipo nyingine ambayo wanaopenda kutukemea hawaitaji. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, kifungu cha 14, inamtaka mfanyakazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa au iliyo karibu, na inamzuia mwajiri kumrudisha mfanyakazi huyo mahali penye hatari mpaka kwanza airekebishe. Kwa hiyo swali si kama nina haki ya kukaa nyumbani. Swali ni kama mwajiri alikuwa na haki ya kuniita kabla ya kuniletea vifaa.

Nina ombi moja zaidi. Msituchanganye na kila mtu aliyekuwa akizunguka mjini wakati ule. Mwenye punda akibaki nyumbani, saruji itasubiri. Mimi nikibaki nyumbani, mtu atakufa.

Mwenye Punda Wane

Saruji itasubiri? Dada yangu, wewe unaishi Lamu hii hii ya vichochoro, au unaandika kutoka Nairobi?

Nitakujibu taratibu ili isionekane nimekasirika, ingawa nimekasirika. Katika mji huu gari haliingii, na wakati ule pikipiki zilikuwa bado hazijajipenyeza kama zilivyo leo. Unga uliopika uji wa wagonjwa wako ulishuka gatini ukapanda juu ya punda. Mitungi ya gesi, maji ya kunywa, mafuta ya jenereta na magodoro vyote vilipita mgongoni mwa punda au kwenye mkokoteni wa hamali, na nyuma ya kila punda palikuwa na mtu mwenye pua na mapafu kama yako. Tena sisi hatukupewa barua ya kuonyesha penye tochi. Jahazi halifuati saa ya serikali, linafuata maji. Maji yakijaa saa mbili ya usiku, ndipo linapokaribia na ndipo tunapopakua, na yakitoka chombo kinakaa juu ya mchanga mpaka kesho. Nieleze basi, tungepakua kwa saa ya nani?

Wakili Asiye na Ofisi

Nisahihishe mawili matatu kabla mjadala haujaenda mbali. Mgomo wa madaktari alioukusudia Mkaazi wa Langoni ulianza Desemba 5, 2016 ukamalizika katikati ya Machi 2017. Ni siku 100, si miezi mitano. Mgomo mrefu zaidi ulikuwa wa wauguzi, mwaka huo huo wa 2017, uliodumu tangu Juni hadi mwanzoni mwa Novemba. Na hiyo Desemba 2020, wauguzi na maafisa wa kliniki ndio waliotangulia tarehe 7, kisha madaktari wakafuata tarehe 21.

Kifungu ni cha 81 cha Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007, nacho kweli kinakataza mgomo katika huduma muhimu. Huduma zenyewe zimeorodheshwa katika Jedwali la Nne, na humo mna maji, hospitali, waongozaji wa ndege, zimamoto na, jambo ambalo wengi hawalijui, huduma za feri. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kugoma, na mahakama zimekuwa zikivutana baina ya hayo mawili. Hoja ya Muuguzi juu ya kifungu cha 14 ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa hapa, na ningependa Mkaazi wa Langoni aijibu.

Nahodha wa Mokowe

Feri? Umesema huduma za feri zimo? Sisi tunaovusha watu baina ya Mokowe ya bara na kisiwa cha Lamu kila siku ya Mungu, tumo au hatumo?

Muuza Samaki, Malindi

Nawasoma ndugu zangu wa Lamu na nashangaa jinsi mnavyolia. Nyinyi hamkufungiwa kaunti. Sisi wa Kilifi tulifungwa pamoja na Kwale na Mombasa tangu Aprili 8, 2020, hakuna abiria wa kuingia wala wa kutoka, tukafunguliwa Juni 7. Malori ya mizigo yalipita, dereva na msaidizi wake aliyeandikwa jina. Abiria wa basi la Lamu alibaki kwao, na sisi kwetu.

Hoteli zilipofunga, samaki mkubwa hakuwa na mnunuzi. Kafyu ilipoingia, samaki wa usiku hakuwa na mvuvi, na wote tunajua kwamba dagaa na wengineo huvuliwa usiku kwa taa. Orodha ya walioruhusiwa kutembea ilitaja wauzaji wa vyakula na wasafirishaji wa mazao ya shamba. Mazao ya bahari hayakutajwa. Walioiandika wanakula ugali na sukuma wiki, sina la kuwalaumu.

Mwenye Punda Wane

Bwana wa Malindi, usituambie hatukufungiwa. Wavuvi wa Lamu walizuiwa kuvua usiku kwa miaka, kwa sababu za usalama, kabla hata ya korona kusikika. Tulipoletewa kafyu ya nchi nzima, wazee wa huku walisema imekuja kutuamkia tu, sisi tunaijua.

Mkaazi wa Langoni

Nimeombwa nijibu. Kwanza sikumtukana muuguzi yeyote, na maneno ya mlango wa uani niliyaelekeza kwa wagomaji. Pili, mimi nilifundisha kwa muda mrefu katika shule zisizokuwa na madawati, wala sikumwambia mwajiri kwamba sitarudi mpaka aniletee dawati. Watu wa zamani walifanya kazi kwa imani. Siku hizi kila mmoja anajua kifungu chake.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Mwalimu, ukosefu wa dawati humuumiza mwanafunzi mgongo. Haumpelekei mwalimu maradhi ya kumwambukiza mkewe. Dakta Doreen Lugaliki alikufa Julai 2020, daktari wa kwanza nchini kuuawa na ugonjwa huu. Dakta Stephen Mogusu alikufa Desemba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 28, na ilisemekana wazi wazi wakati ule kwamba alikuwa na miezi kadhaa hajalipwa. Hawa nao walifanya kazi kwa imani. Mwezi wa Agosti nchi nzima ilikuwa ikizungumzia kashfa ya ununuzi wa vifaa katika KEMSA, shirika la serikali linalonunua dawa na vifaa vya hospitali, huku sisi tukifua barakoa. Mgomo wa Desemba unaoulaumu ulidai vifaa vya kujikinga, bima na malipo. Niambie ni lipi kati ya hayo ambalo ni tamaa.

Kuhusu punda, sikusema kazi yenu haina maana. Nilisema kuna kazi zinazoweza kungoja saa sita na kuna zisizoweza.

Mwenye Punda Wane

Saa sita! Basi siku ile ungengoja saa sita bila ya mafuta ya jenereta, tukaona nani angekufa.

Bi Mkubwa wa Mkomani

Wanangu, mimi naandikiwa na mjukuu wangu, mnisamehe kwa urefu. Mnabishana juu ya wanaotazama walio hai, na hapana hata mmoja aliyewataja wanaokosha maiti. Mimi na wenzangu tumekosha wanawake wa mtaa huu kwa miaka mingi, bila ya mshahara. Mwaka ule habari zilikuja za kutisha, kwamba maiti zitafungwa katika mifuko na kuzikwa na maafisa waliovaa nguo nyeupe, usiku, bila ya watu, kama ilivyotokea huko bara, na picha zake sote tuliziona. Hapa watu walitujia kwa siri wakisema, bibi, mama yetu asizikwe bila ya kukoshwa. Tungefanyaje? Hatukujua amekufa kwa nini, na kipimo hakikuwepo mkononi mwetu. Glavu tulinunua wenyewe dukani, zilipokwisha tukafunga mifuko ya plastiki mikononi. Mifuko yenyewe imepigwa marufuku tangu 2017, lakini kila nyumba ina iliyofichwa.

Wawili kati yetu walikataa kuja. Mmoja ana pumu. Sikuwalaumu jana wala siwalaumu leo. Huyu Mkaazi wa Langoni ambaye anataka asiyekwenda aadhibiwe, namwuliza, hao wawili angewaadhibu kwa sheria ipi?

Muuza Samaki, Malindi

Bibi, shikamoo. Lakini mifuko ya plastiki si ndiyo inayoua kasa huku Watamu na Malindi? Serikali ilisema faini mpaka milioni nne.

Wakili Asiye na Ofisi

Faini ni kati ya milioni mbili na milioni nne. Hata hivyo, nawaomba tusihamie kwenye kasa. Bi Mkubwa ameuliza swali zito, na hakuna sheria yoyote ya kazi inayomgusa mkosha maiti wa kujitolea, si kwa kumlazimisha wala kwa kumlinda.

Nahodha wa Mokowe

Na mimi bado sijajibiwa. Tumo au hatumo?

Naeleza kwa nini nauliza. Wakati ule tuliambiwa tupunguze abiria, na mafuta ya injini hayakupungua bei. Usiku hapakuwa na ruhusa, lakini uchungu wa uzazi hauna kafyu, na jamaa wa mgonjwa hapigii simu kituo cha polisi, anakupigia wewe. Nimevusha watu usiku nikiwa nimezima taa, nikihofia askari kuliko mwamba. Ninyi mlisikia ya Likoni, kivukoni Mombasa, usiku wa kwanza wa kafyu, watu waliokuwa wakiwahi feri walivyopigwa na kurushiwa gesi ya kutoa machozi. Ikiwa feri ni huduma muhimu kwa sheria, mbona abiria wake walipigwa?

Mkaazi wa Langoni

Nahodha, nakupongeza, nawe ndiye mfano wa niliyokuwa nikiyasema. Hukukaa nyumbani. Ndiyo sababu nasema wanaokaa nyumbani hawana udhuru.

Nahodha wa Mokowe

Usinipongeze, mwalimu. Uingereza walikuwa wakitoka milangoni kila Alhamisi kuwapigia wauguzi makofi, na baadaye wauguzi hao hao wakabishana na serikali juu ya mshahara. Mimi nilikwenda kwa sababu aliyekuwa akipiga simu ni jirani. Angekuwa mtu nisiyemjua, na mke wangu amesimama mlangoni akilia, sijui ningekwenda.

Wakili Asiye na Ofisi

Nakujibu sasa, Nahodha. Jedwali linataja huduma za feri, na mtu anaweza kubishana kwamba mashua ya abiria ni feri ndogo. Lakini kifungu cha 81 kinamhusu mwajiriwa. Wewe mashua ni yako, huna mwajiri, kwa hiyo huwezi kugoma, na asiyeweza kugoma hawezi kukatazwa kugoma. Ukikataa kuvusha, kwa sheria hii hushitakiwi.

Nahodha wa Mokowe

Vizuri. Na nikivusha nikaambukizwa, nani ananilipa?

Wakili Asiye na Ofisi

Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, ya 2007 pia, nayo ni ya waajiriwa. Hakuna.

Mwenye Punda Wane

Na chanjo ilipofika Machi 2021, waliotangulia walikuwa wahudumu wa afya, kisha walimu na askari. Mwalimu wetu wa Langoni, hata kama umestaafu, wenzako walichanjwa kabla yangu. Lakini anayetakiwa asikae nyumbani ni mimi.

Mkaazi wa Langoni

Hilo la chanjo sikulipanga mimi. Naona mada imehama kutoka haki ya kukaa nyumbani, imekuwa ni nani alipwe nini. Narudia swali langu: muuguzi mwenye vifaa kamili, mwenye bima, aliyelipwa hadi senti ya mwisho, akikataa kwenda kazini siku ya maradhi, aadhibiwe au asiadhibiwe?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku

Aadhibiwe. Nitie sahihi hapo hapo, mwalimu, nawe utie yako kwamba hivyo vitu vitatu vinatangulia. Halafu unionyeshe muuguzi huyo anafanya kazi kaunti gani, nikaombe uhamisho.

Muuza Samaki, Malindi

Akiomba uhamisho aje Malindi, dagaa nitampa bure. Na hiyo faini ya mifuko, Wakili, ni kwa anayeitengeneza tu au hata kwa anayefungia samaki?