Upepo wa tairi kwenye Hiace, inadunda sana

Wakuu Hiace yangu ni ya familia, ikiwa tupu inadunda balaa kila tuta mpaka bi mkubwa kule nyuma analia mgongo, fundi pancha yeye anajaza zote sawa mpaka namba iliyoandikwa kwenye tairi. Nishushe hadi ngapi?

—Mkuu hiyo namba ni kiwango cha juu kabisa cha tairi, sio upepo wa gari lako. Fungua mlango wa dereva ucheki stika ya upepo kwenye nguzo ya mlango, za magari ya Japani zipo kwa kPa (kipimo cha upepo kama psi), kPa 100 ni kama psi 14.5, na mara nyingi mbele na nyuma havilingani.

—Pima asubuhi kabla hujatembea, tairi ikiwa na moto upepo unapanda, ukiupunguza hapo kesho utakuta umepungua sana.

—Ila usishuke chini ya stika jamani kisa kutafuta ulaini, ukipakia watu ubavu wa tairi unajikunja, unachemka, tairi inapasuka. Nyuma hiyo gari ina springi bapa za mzigo, tupu lazima iwe ngumu kidogo. Cheki na shokapu.