Rafiki wa mtandaoni anakuja Moshi, nimekwama. Ushauri wakuu

Mpiga_Antena: Habari za jioni wakuu. Mwaka 2006 nilikuwa nashinda kafe ya intaneti karibu na mnara wa saa hapa Moshi, nikisoma kundi letu la Yahoo la wasikilizaji wa masafa mafupi. Unadaka stesheni ya mbali usiku, unawaandikia umesikia nini na saa ngapi, wanakutumia kadi ya kuthibitisha. Redio za Uholanzi na Kanada zilipozima masafa mafupi 2012, watu wakapungua. Desemba 2020 Yahoo wakafunga makundi yote. Tumebaki wanne tunaandikiana. Mmoja, mzee wa Ufini, anakuja kupanda Mlima kwa njia ya Machame, akishuka anataka kulala kwangu siku mbili. Nimwambie nyumba imejaa wageni?

Meku_Kibosho: Mkuu, mtu akitoka mlimani anataka maji ya moto na kitanda. Muongezee mbege, kazi imeisha.

Mama Pendo: Mwanangu, mgeni hafukuzwi. Mimi niliandikiana na mwenzangu wa Ujerumani tangu 1984 hadi alipofariki. Barua zake ziko kwenye sanduku la bati, panya wamekula za 1991 tu.

Chalii_Ngarenaro: Unaficha kitu. Rafiki wa miaka yote hiyo hakimbiwi bure.

Mpiga_Antena: Haya. 2008 alinitumia redio yake kwa posta, Sony ICF-SW7600GR. 2013 nikaiuza, ada ya mtoto. Sikumwambia. Kila Krismasi anaulizia redio, nami namtajia stesheni nilizodaka. Sasa anataka tukae nayo barazani usiku mmoja. Ila nimepata inayofanana kwa fundi Arusha, nimeshatanguliza 50,000. Sio uongo, namwepushia mzee huzuni.

Meku_Kibosho: Huo ni uongo wa kulipia kidogokidogo 😂

Mama Pendo: Ada si wizi. Mwambie tu, baba.

Mpiga_Antena: Mama, shikamoo, lakini nitaanzia wapi baada ya Krismasi zote hizo?

Kijiwe_Njoro: Mimi naona chai. Mleta mada kajiunga juzi, halafu Sony inapita posta salama salimini? Kama ulikuwa msikilizaji kweli, 34433 ni nini?

Mpiga_Antena: SINPO, alama za kupima usikivu. Nguvu ya mawimbi 3, kuingiliwa na stesheni nyingine 4, kelele 4, mawimbi kupwaya njiani 3, kwa jumla 3. Moja mbaya, tano safi. Nilikuwa najaza kwenye daftari kwa mwanga wa kibatari, maana taa za enaji seva zilikuwa zinaunguruma ndani ya redio.

Kijiwe_Njoro: Duh. Chai nimeimwaga. Mzee wangu alikuwa na Philips, ukikohoa wakati wa taarifa ya habari unalala nje. Alipofariki tuligombania ile redio kuliko shamba.

Chalii_Ngarenaro: Turudi kwenye mada. Redio yake mwenyewe, ataacha kuijua? Haikuwa na alama?

Mpiga_Antena: Alichonga herufi za jina lake kwa msumari, ndani ya kifuniko cha betri.

Chalii_Ngarenaro: Na hukuona hilo ni la kusema mwanzoni?

Mama Pendo: Mwanangu, usiniambie unachofikiria.

Mpiga_Antena: Fundi kapiga sasa hivi. Anauliza herufi gani.