Mwanzo wa kiangazi pwani ya Maine: ni maji gani ya kumfaa mvuvi anayetupa mshipi kutoka nchi kavu?

Mvuvi_wa_Pangani aliuliza:

Assalamu alaikum, na salamu kwa wote. Nilihamia Portland, jimbo la Maine, Marekani, msimu wa baridi uliopita. Nimezaliwa na kukulia Pangani, ambako wajomba zangu walikuwa wavuvi wa mshipi na dema, kwa hiyo bahari si jambo geni kwangu, lakini bahari hii ya Atlantiki imenishinda kuisoma.

Tumeingia wiki ya kwanza ya Juni, na nimekwenda kuvua asubuhi tatu mfululizo za mwezi mpevu bila kupata kitu. Nilifuata hesabu niliyolelewa nayo: kwetu, siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri, hivyo anayefika ufukweni jua linapochomoza huyakuta yameanza kupwa na samaki wanatoka mikokoni. Hapa nilifika saa kumi na moja alfajiri, jua limeshaanza kuonekana, nikakuta bahari imekwenda zake. Mbele yangu palikuwa na matope, mawe yenye mwani mweusi, na kamba ya mtego wa kambakoche imelala juu ya mwani huo kama kamba ya kuanikia nguo iliyokatika. Nilipotembea hadi penye maji na kutia mkono ili nioshe chambo, vidole viliuma kwa baridi kabla sijamaliza.

Naomba mnieleze mambo mawili. Kwanza, maji na pepo za hapa huendaje mwanzoni mwa kiangazi, na ni wakati gani mvuvi asiye na chombo ana matumaini ya kupata? Pili, huyu samaki wa mistari ambaye kila mtu anamtaja, wanayemwita straipa, amekwisha kufika kweli au nimewahi mno?

Baba_Mwanaidi alijibu:

Wa alaikumus salaam, ndugu yangu. Hukuwahi mno. Samaki wamefika, ila saa ya mwezi wa Pangani haiwezi kutumika Portland. Nami niliposhuka huku kutoka Lamu nilipoteza karibu msimu mzima kabla ya kulielewa jambo hili, kwa hiyo nitalieleza kwa kirefu.

Hapa pia maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, kama kwetu. Tofauti ni kwamba siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Portland hujaa karibu na saa sita, mchana na usiku. Maana yake ni kwamba alfajiri ya bamvua ndiyo saa ya maji makavu kabisa, na hicho ndicho ulichokikuta. Ukitaka maji yanayopwa wakati jua linachomoza, subiri siku ya tatu hadi ya tano baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Siku hizo maji hujaa kati ya saa nane na saa kumi usiku, na ukifika saa kumi na moja alfajiri utakuta mkondo umeshika kasi ya kutoka.

Jambo la pili ambalo wengi wetu hatulitarajii ni maji mafu, yaani maji madogo ya siku za mwezi nusu. Kwetu, maji mafu ni mafu kweli: bamvua hupanda zaidi ya mita tatu, na maji mafu hayafiki hata nusu ya hapo, ndiyo maana wazee wetu walitumia siku hizo kushona nyavu. Katika Ghuba ya Maine tofauti hiyo ni ndogo. Kimo cha kawaida cha Portland ni karibu mita 2.8, bamvua huzidi mita tatu kidogo, na maji mafu bado hupanda zaidi ya mita mbili. Kwa hiyo usikae nyumbani kwa sababu mwezi ni nusu, kwani mkondo upo. Huku, umbali wa mwezi kutoka duniani unahesabika zaidi kuliko tulivyozoea. Mwezi unapokuwa karibu, maji huwa makubwa hata kama si bamvua.

Sasa nije kwenye sababu ya kukazania maji yanayopwa katika mwezi huu hasa. Ghuba hii ni kama bakuli: nje imezibwa na fungu la Georges Bank, na hupokea maji baridi yanayoteremka kutoka upande wa Kanada. Ingawa imekuwa ikipata joto haraka kuliko sehemu kubwa ya bahari za dunia, mwanzoni mwa Juni maji ya nje ya Portland bado yako kwenye nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Straipa huanza kuchangamka maji yanapovuka nyuzi 10 na huzidi kadiri yanavyopata joto, kwa hiyo katika maji ya nje yupo lakini ni mzito kula. Lakini nenda Pine Point, kwenye mlango wa kinamasi cha Scarborough, ambacho ndicho kinamasi kikubwa kuliko vyote vya maji ya chumvi katika jimbo hili. Maji hupanda juu ya matope yaliyochomwa na jua kutwa, hupata joto huko, kisha hutoka yakiwa na vuguvugu pamoja na dagaa, kaa na vijisamaki. Mwaka jana nilisimama pale maji yakipwa, nikatia mkono katika mkondo unaotoka, kisha nikapiga hatua chache na kuutia upande wa bahari. Tofauti niliihisi bila kipimo chochote. Mstari yanapokutana maji hayo mawili huonekana juu kama mkunjo wenye povu jembamba, na straipa hukaa chini yake wakingoja kuletewa. Niliyempata siku hiyo nilimpasua nikakuta tumboni dagaa wembamba wa mchangani, urefu wa kidole, zaidi ya 20. Tangu hapo natumia chambo bandia chembamba, wala sihangaiki na kikubwa mpaka Julai.

Mlango wa mto Saco, pale Camp Ellis, unafuata kanuni hiyohiyo, ila ukuta wake wa mawe ni mrefu na una mapengo ambayo mawimbi hupita.

Kuhusu pepo: upepo wa kaskazini-magharibi hutoka bara, hulaza bahari na kuleta anga safi, siku hizo utatupa mshipi mbali bila taabu. Kusini-magharibi ndio upepo wa kila alasiri ya kiangazi, nao ukija na hewa yenye joto na unyevu juu ya maji haya baridi huzaa ukungu mzito. Kaskazini-mashariki ndio usiofaa, kwa kuwa huleta mvua baridi, mawimbi na mwani mwingi unaojaa kwenye ndoana. Kabla ya kutoka, tazama vipimo vya boya namba 44007 lililoko kusini-mashariki ya Portland, ambalo hutoa joto la maji, upepo na kimo cha mawimbi. Mimi silali bila kulitazama.

Mama_Zawadi_207 alijibu:

Kaka yangu wa Pangani, karibu Maine. Baba Mwanaidi amemaliza habari za maji, nami naomba niongeze habari ya baridi, kwa kuwa ni muuguzi na ninavua pamoja na mume wangu.

Ukianguka katika maji ya nyuzi 12, jambo la kwanza si kuganda. Mwili huvuta pumzi kwa nguvu bila ridhaa yako, na kinywa kikiwa chini ya maji wakati huo, mtu huzama hata kama ni muogeleaji wa tangu utotoni. Waokoaji hufundisha hivi: dakika moja ya kutuliza pumzi, dakika kama 10 ambazo mikono na miguu bado inakutii, na yapata saa moja kabla ya kupoteza fahamu. Sisi tuliokulia kwenye maji ya nyuzi 27 tunadhani kujua kuogelea kunatosha, na hilo ndilo linalonitia hofu kila Juni, kwa kuwa hewa huwa ya kupendeza na watu wetu hushuka mawe na fulana tu.

Vaa jaketi la kuokolea hata ukiwa juu ya mawe. Ukivaa suruali ya mpira ya kuingilia majini, funga mkanda kiunoni kwa nguvu ili maji yasijae ndani ukianguka. Kwenye ukuta wa mawe wa mnara wa Spring Point, huko South Portland, usikanyage penye weusi, kwa kuwa huo ni mwani na unateleza kuliko sabuni.

Na pale kwenye ufuko wa Popham kuna kisiwa cha mawe, Fox Island, ambacho maji yakipwa hufikiwa kwa miguu juu ya mchanga. Tulikwenda na watoto, tukasahau saa, na tulipogeuka mchanga ulikuwa umekwisha kufunikwa. Mume wangu aliwavusha mmoja mmoja begani, maji yakiwa kiunoni na mkondo ukimsukuma ubavuni. Tangu siku ile huwa naweka kengele ya simu ilie kabla maji hayajageuka.

Mwana_Uvira alijibu:

Wandugu, mimi nimetoka ziwa Tanganyika, ambako tulivua ndagala usiku kwa taa, na bahari nimejifunzia hapahapa. Ninakubaliana na Baba Mwanaidi isipokuwa kwa jambo moja. Alfajiri si lazima. Mwezi huu jua huzama baada ya saa mbili usiku, na ninaona saa mbili za mwisho kabla ya giza, zikikutana na maji yanayopwa, zinalingana na alfajiri au zinaizidi, kwa sababu kinamasi kimepata joto la mchana kutwa. Mbayuwayu wa baharini wakiwa wanapiga mbizi mahali pamoja, nenda hapo, usitafute penginepo.

Kuhusu sheria, ambayo hakuna aliyeitaja: mtu mwenye umri wa miaka 16 au zaidi anatakiwa kujisajili kwa uvuvi wa baharini wa jimbo. Straipa anayeruhusiwa kuchukuliwa ni mmoja kwa siku, mwenye urefu wa kuanzia inchi 28 lakini asiyefika 31. Kiwango hicho cha juu kiliteremshwa mwaka 2023, kutoka inchi 35, kwa hiyo soma ukurasa wa Idara ya Rasilimali za Bahari kabla ya kila msimu. Ukitumia chambo cha asili, ndoana iwe ile ya duara, inayomshika samaki pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Na Popham, ambayo mama amezungumzia, iko katika eneo la mto Kennebec, ambako hadi tarehe 30 Juni hairuhusiwi kutumia chambo cha asili wala kuchukua straipa. Unavua kwa chambo bandia chenye ndoana moja na kumrudisha. Straipa wengi wa pwani hii huzaliwa mbali kusini, katika ghuba ya Chesapeake na mto Hudson, lakini Kennebec una wake wanaozaa humo, na ndio wanaolindwa.

Mvuvi_wa_Pangani alijibu:

Nawashukuru sana. Nilingoja siku ya nne baada ya mwezi mpevu, nikaenda Pine Point saa kumi na moja alfajiri, na mkondo ulikuwa unatoka kama alivyosema Baba Mwanaidi. Nilitafuta ule mkunjo wenye povu kwa karibu nusu saa kabla ya kuuona. Samaki wa kwanza alikata mshipi. Wa pili nilimleta ufukweni, nikamlaza juu ya mchanga mbichi karibu na rula: inchi 26, mistari yake meusi imenyooka kutoka nyuma ya shavu hadi mkiani. Nilimshika kwenye mkondo, kichwa kikielekea maji yanakotoka, mpaka akapiga mkia mwenyewe.

Jaketi nilivaa. Nimebakiwa na swali moja: watoto wangu wanataka samaki wa kula, na wamesikia kuhusu makareli, wale wa jamii ya vibua. Je, wanafikika bila boti?

Baba_Mwanaidi alijibu:

Wanafikika, ndugu yangu, lakini si Pine Point. Wanataka maji yenye kina na yaliyo safi, kwa hiyo wapeleke watoto Spring Point maji yakijaa, asubuhi isiyo na upepo, na uwakalishe kwenye mawe ya juu yaliyo makavu. Mtumie ndoana ndogo zenye manyoya na chubwi jepesi. Makareli huja kwa makundi na kuondoka, kwa hiyo msipopata robo saa ya kwanza msikate tamaa. Beba barafu, kwa sababu nyama yake huharibika upesi kama ya vibua vya kwetu.