Naomba ushauri: mdogo wangu ana fangasi kwenye ubongo na HIV hana

Habarini ndugu zangu, naombeni msaada wa mawazo hasa kwa madaktari na waliowahi kuuguza mgonjwa wa hivi.

Mdogo wangu ana miaka 34, dereva wa lori, alikuwa mzima kabisa. Kichwa kilimuuma wiki tatu, tukatibu malaria, tukatibu taifodi, wapi, mpaka alipoanza kutapika na kuona vitu viwili viwili ndo wakamtoa maji ya uti wa mgongo wakakuta kriptokokasi, ndo huyo fangasi wa ubongo. HIV kapimwa mara tatu hana, sukari hana, steroidi (dawa zinazoshusha kinga) hajawahi kutumia. Bado kuna ndugu wananong'ona eti ana HIV anaficha, inaniuma sana kwa kweli.

Kachomwa sindano za amfoterisini B wiki mbili pamoja na vidonge vya flusitosini, zote dawa za fangasi, karuhusiwa, sasa yuko kwenye vidonge vya fangasi vya flukonazoli na hajaruka hata siku moja. Homa imekata ila tangu juzi kichwa kimerudi, asubuhi ndo kinazidi, na macho yameanza tena ukungu. Nimepiga simu wodini naambiwa tu aendelee na vidonge. Mimi sijaridhika, kesho alfajiri namrudisha.

Sasa naomba kujua:

Kwa asiye na HIV wiki mbili za sindano zinatosha kweli? Maana nasikia wengine huchomwa wiki 4 mpaka 6.

Na hiki kichwa inaweza kuwa presha ya maji ya ubongo, yaani nisisitize wamtoe tena maji ya mgongo na wapime presha yake?