Storm wa X-Men ni wa Kenya gani hii isiyokuwa na hata jina la kijiji?

Wakuu, nimejaribu kulimeza hili tangu Jumamosi, halimezeki. Mnivumilie, uzi ni mrefu na nina hasira.

Kwanza mjue mimi si mgeni wa mambo haya. X-Men, wale mashujaa wa katuni za Kimarekani wenye nguvu za ajabu, nimewajua tangu darasa la tano, Mombasa, enzi mjomba wangu akifanya kazi melini na kuturudishia kila alichookota kwenye bandari za watu. Siku moja akaja na furushi la katuni limefungwa kwa kamba ya katani, nyingine hazina jalada, zote zinanuka dizeli. Humo ndimo nilimokutana na Ororo, ndilo jina lake Storm la kuzaliwa. Mwanamke mweusi, nywele nyeupe pepepe, akiinua mkono upepo unaitika, na juu ya yote anatoka Kenya! Hata jina nililiona letu, maana kwetu ngozi ororo ni ngozi laini. Nilijifunga shuka jeupe la mama shingoni, nikapanda juu ya tangi la maji, nikaiamuru mvua inyeshe. Nilichapwa, na kesho yake nikapanda tena.

Basi mwezi uliopita nikajinyima nikanunua kile kitabu kinene chenye matoleo ya mwanzo ya kikosi kipya, kuanzia Giant-Size X-Men namba 1 ya mwaka 1975, kazi ya Len Wein na Dave Cockrum. Nilitaka mtoto wa kaka yangu, ana miaka kumi, akutane na Storm kwenye karatasi kabla hajashiba zile filamu. Jumamosi baada ya alasiri tukaketi barazani, yeye anasoma kwa sauti, mimi namenya machungwa.

Anasoma kila shujaa na anakokutwa: Nightcrawler, Winzeldorf, Ujerumani. Mji wenyewe wa kubuni, lakini una jina. Banshee, Nashville, kule Tennessee. Sunfire, Osaka, Japani. Colossus, shamba la ushirika la Ust-Ordynski karibu na Ziwa Baikal. Thunderbird, Camp Verde, Arizona, miongoni mwa Waapache wenzake. Akarudi nyuma kwa Storm. Kenya.

Akangoja. Akafunua ukurasa, akaurudisha. "Shangazi, kijiji chao kinaitwaje?"

Nikachukua kitabu mkononi nikatafuta. Hakuna. Kabila je? Hakuna. Kuna watu wamepiga magoti wanalia mvua, na mungu wao anashuka kutoka angani kuwanyeshea. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye jina. Miaka yote niliyokipenda kitabu hiki sikuwahi kuliona jambo hilo, mpaka mtoto wa miaka kumi aniulize.

Sasa linganisheni na kijana wa Siberia. Colossus tunamkuta shambani, trekta limeshindikana linamwendea dada yake mdogo, Illyana, naye anageuka chuma mwili mzima analizuia. Baadaye anawaaga baba na mama. Katika kurasa chache ana kazi, ana wazazi, ana dada na wasiwasi wa kuondoka nyumbani. Na huyo ni Mrusi, wakati wa Vita Baridi, kwenye katuni ya Kimarekani! Walijipa taabu ya kumfanya mtu. Ororo wakamwacha kifua kimestiriwa kwa nywele, katika kitabu ambacho hata Nightcrawler, yule wa bluu mwenye mkia, amevalishwa. Niliona haya kuushika ukurasa ule mbele ya mtoto.

Najua kuna wa kuniambia "mama, wakati ule ndivyo ilivyokuwa". Nisikilizeni vizuri. X-Men walianza 1963 chini ya Stan Lee na Jack Kirby, wanafunzi watano, wote Wamarekani weupe. Kufikia 1970 hadithi mpya zilikoma, wakabaki kurudia za zamani mpaka 1975. Kilichowafufua ni wazo moja tu, kwamba safari hii mashujaa watatoka pembe zote za dunia. Jalada lenyewe linawaonyesha wapya wakiipasua picha ya wazee na kutoka mbio. Dunia ndiyo iliyokuwa bidhaa! Mtu akinadi samaki sokoni halafu nikute kapu lina samaki mmoja wa karatasi, na huyo ndiye wa kwetu, nisiseme?

Tena mwaka 1975 Kenya haikuwa fumbo. Kipchoge Keino alikuwa amembwaga Jim Ryun, Mmarekani, mbio za mita 1500 kule Mexico mwaka 1968, akachukua dhahabu nyingine Munich 1972. Amerika nzima ilimtazama. Nairobi ilikuwa na jumba la mikutano la Kenyatta refu hilo, na makao makuu ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Na kama ni katuni, tangu 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walikuwa wanatoa gazeti la Joe palepale Nairobi, limejaa vibonzo vya watu wa kawaida wenye majina, madeni na wake wanaowagombeza. Kwa hiyo "wakati ule" hauwaokoi.

Halafu jambo la mvua lenyewe, hili ndilo limenikera kuliko yote, maana Kenya kweli ina wenye mvua yao. Kule Bunyore, magharibi mwa Kenya, ukoo wa Nganyi wanajulikana kwa mvua vizazi na vizazi, wana misitu yao mitakatifu, wanasoma miti, wadudu na upepo, hata wataalamu wa hali ya hewa wa serikali wameketi nao kulinganisha utabiri. Huku kwetu Pwani wazee wa Mijikenda wanaingia kaya, misitu yao mitakatifu, kuomba mvua. Bibi yangu mwenyewe, ukame ukizidi, alivaa buibui lake akaenda uwanjani na wenzake kwenye swala ya kuomba mvua, na jioni akarudi vumbi mpaka kwenye kope, anatazama upande wa bahari. Huyo ndiye Mkenya anayelilia mvua ninayemjua mimi. Ana dini, ana jina, ana aibu na matumaini. Hampigii magoti msichana anayeruka.

Nikajipa moyo, nikasema labda Chris Claremont alirekebisha, maana yeye ndiye aliyeshika kalamu baada ya Wein. Tukaenda namba 102 ya 1976, Storm anaposimulia maisha yake. Hapa niseme haki, ile ni kazi ya mtu anayejua. Baba ni mpiga picha wa magazeti wa Kimarekani, familia inahamia Kairo, mwaka 1956 vita vya Suez vinapamba moto, ndege inaanguka juu ya nyumba yao. Mtoto anazikwa hai chini ya kifusi na maiti ya mama yake kando. Ndiyo maana hata alipokuwa mkubwa, ndani ya ngome ya Banshee kule Ayalandi, kuta zikimbana na adui yao Juggernaut akiwatwanga wenzake, anaanguka analia kama mtoto. Mpwa wangu aliacha kula chungwa, akanishika mkono.

Lakini tazameni! Kairo imepata vita vya kweli vyenye mwaka. Mama mtu je? Anaitwa N'Dare, binti wa kifalme wa kabila moja la Kenya. Kabila gani? Wafalme gani? Wanga, watu wa magharibi mwa Kenya, walikuwa na Nabongo, mfalme wao, sawa, mseme basi ni Wanga, tutashukuru. Na hiyo alama baina ya N na D inafanya nini pale? Sisi tunaiweka kwenye ng'ombe na ng'ambo kwa sababu bila hiyo sauti inabadilika. Kwenye nd haina kazi, imetiwa ili neno lionekane la Kiafrika.

Na huo mwaka 1956, jamani! Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari tangu 1952. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa Oktoba ya mwaka huohuo wa 1956, siku chache kabla ya mabomu ya Suez. Mwanamke aliyetoka Kenya ya wakati ule anakaa Kairo, na hadithi haina neno moja juu ya kwao kunakoungua. Hasemi ana kaka kizuizini, hapokei barua. Anaondoka duniani bila kuzungumza.

Msinielewe vibaya, simchukii Storm. Mwaka 1980, kiongozi wao Cyclops alipoondoka baada ya kifo cha mpenzi wake Jean Grey, ni huyu aliyepewa kikosi kukiongoza. Mwanamke mweusi, kiongozi wa X-Men, miaka arobaini na zaidi iliyopita! Moyo wangu bado unapiga nikifika hapo. Ndiyo maana nauma meno. Walijua kumpa woga wa kweli na uongozi wa kweli, wakashindwa kumpa nyumbani. Mwaka 1985 wakamrudisha Afrika, namba 198, na kichwa kidogo cha hadithi wakakichomoa kwa mwandishi Joseph Conrad, Moyo wa Giza, riwaya yake ya Mto Kongo! Hata giza tumeazimwa la jirani. Na 2006 wakamwoza kwa mfalme wa Wakanda, nchi ambayo haipo, na nchi hiyo ina jina la mji mkuu, ina majina ya makabila, ina kila kitu ambacho Kenya iliyopo ilinyimwa.

Ninachotaka si kikubwa. Wanaomwandika Storm leo wampe kijiji. Wampe lugha ya mama yake, hata sentensi moja iliyo sahihi, waandishi wa Nairobi, Mombasa na Kisumu wako tele wa kuulizwa. Wampe shangazi wa kumkaripia kwa kutembea uchi. Mashabiki wa hapa nao tuache kujipiga kifua kwamba "Storm ni wetu" bila kudai chochote.

Mtakaokuja kuniambia ni katuni tu, sawa, karibuni, lakini njooni na ukurasa wa 1975 ambao mmoja wa wale watu waliopiga magoti anaitwa kwa jina lake. Mtoto bado ananiuliza.