Kakao ya asili kwa chokoleti ya moto: nichukue ipi hapa Bukavu?

Mama_wa_Nyawera
Jambo wote. Niko na meza ya vinywaji asubuhi karibu na soko la Nyawera. Tangu mvua zianze, watu wanauliza chokoleti ya moto. Dukani nimekuta kakao tatu: moja nyeusi kama makala, ya pili kahawia yenye wekundu na bei yake iko juu, ya tatu ni ile ya watoto, tamu tayari. Mwenye duka anashikilia kwamba nyeusi ndiyo safi. Mimi nataka kakao ya asili, isiyotiwa kitu. Nitaijuaje kabla ya kulipa?

Mpishi_Ibanda
Mama, pole na kazi. Mimi naoka keki za oda, na kakao naichagua kwa ukali kuliko kitu kingine chochote jikoni. Weusi usikudanganye. Ya asili ni kahawia hafifu, na ukiionja kavu ina uchachu wa tunda. Ile nyeusi imetiwa alkali, yaani kitu kinachopunguza asidi, ufundi wa Waholanzi wa karne ya 19, wa kampuni ya Van Houten, ili unga uchanganyike upesi na ukali upungue. Haina ubaya kwa afya, ila ule uchachu na harufu ya matunda vinapotea sana.

Geuza kopo usome viambato. Mengi ya kwetu yameandikwa Kifaransa: ukiona « carbonate de potassium », E501 au « correcteur d'acidité », ndiyo hiyo alkali, iache. Ya asili ina kiambato kimoja tu, kakao. Sukari ikitajwa ya kwanza, ujue ndiyo nyingi kuliko kakao yenyewe.

Sasa tafuta mstari wa mafuta. Wengi hawauangalii, na kwa kinywaji ndio unaoamua. Gramu 10 hadi 12 katika gramu 100 ni kakao iliyokamuliwa sana, « cacao maigre ». Kwa keki inatosha, kikombeni inakuwa nyepesi na haikai mdomoni. Tafuta gramu 20 na zaidi. Mimi ile tofauti ya bei nailipa bila kujiuliza.

Ukitaka kuhakikisha nyumbani, koroga kijiko cha kakao ndani ya maji ya moto, utie bikabonati kidogo, ncha ya kisu tu. Ya asili ina asidi, kwa hiyo itatoa povu na rangi itakolea palepale. Iliyokwisha kutiwa alkali haibadiliki sana.

Mwana_wa_Beni
Dada amesema kweli. Naongezea ya shambani, maana nimekulia kwenye kakao. Punje zisipochachushwa vizuri, hata unga wa asili utakwaruza koo. Kwetu punje mbichi zinafunikwa na majani ya migomba siku 5 hadi 7, zinageuzwa, kisha zinaanikwa juani. Ukipasua iliyochacha vizuri, ndani ni kahawia na ina mipasuko. Ikiwa zambarau au kijivu, iliharakishwa. Kwenye unga huwezi kuona hayo, lakini pua itakuambia. Ukisikia moshi, punje zilikaushwa juu ya moto, na hakuna maziwa ya kuficha moshi huo.

Tena mama, wakikuletea donge la kakao iliyosagwa, fahamu kwamba halijakamuliwa: karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Ladha yake ni nzuri sana, lakini kwenye termosi mafuta yataelea juu.

Mama_wa_Nyawera
Mungu awabariki. Nimerudi dukani nikageuza makopo: nyeusi ina E501, ile ya wekundu ina kakao peke yake, mafuta gramu 21. Na mashapo yanayobaki chini ya kikombe nifanyeje? Wateja hawayapendi.

Mpishi_Ibanda
Hiyo ya 21 ichukue leo. Mashapo ni kwa sababu kakao haiyeyuki, inaelea tu ndani ya maziwa. Changanya kakao na sukari zikiwa kavu, na chumvi kidogo sana. Tia maji ya moto kidogokidogo ukisugua kwa mgongo wa kijiko mpaka upate uji mzito usio na vidonge. Hapo ndipo umimine maziwa ya moto, urudishe sufuria kwenye mbabula kwa moto mdogo, dakika mbili tatu, mkono usisimame. Kakao ina wanga wake, ikipata moto inashika na haizami haraka. Vijiko viwili vya chakula kwa kikombe kikubwa vinatosha. Na kabla ya kumpa kila mteja, koroga tena.